Mkalamu umekufa au umelala? Kutafuta chanzo ua la porini linapogoma bustanini

Mwaka juzi shangazi alinipigia simu kutoka Muheza, sauti ya mtu aliyefiwa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mkalamu wako umeniaga, mwanangu."

Nilikuwa nimempa kiazi kimoja ndani ya ndoo ya rangi iliyotobolewa chini. Mwezi wa tano ulichanua hadi wapita njia wakawa wanasimama getini. Sasa ulikuwa mwezi wa saba: majani yamegeuka manjano kuanzia chini, shina limekauka kama bua la mtama. Naye kwa huruma akawa anaumwagilia asubuhi na jioni. Nikamwambia asiupe tena maji, ausogeze chini ya upenu usinyeshewe, asubiri vuli. Akaitikia. Kumbe moyo haukumpa. Kila jioni akawa anaupa kikombe kimoja, "uonje tu". Nilipokwenda mwezi wa tisa tukaimwaga ndoo juu ya gunia. Viazi vilikuwa vimelainika kama ndizi zilizosahauliwa kabatini, vinatoka maji na kunuka. Mwezi wa saba mkalamu ule ulikuwa umelala tu. Uliuawa mwezi wa nane, kwa kikombe.

Tangu hapo, mtu akiniletea malalamiko ya mkalamu simuulizi kwanza habari za mbolea wala dawa. Namuuliza: ulichipua mwezi gani, na dalili zimeanza mwezi gani? Kesi nyingi huishia hapo hapo.

Mmea wenyewe ukoje

Mkalamu, ambao wataalamu wanauita Gloriosa superba, ni ua la porini la kwetu. Utaukuta kwenye vichaka vya mchanga karibu na bahari, kingo za misitu, mashamba yaliyoachwa, mpaka kwenye miinuko ya mita 2,500 hivi. Unaota sehemu kubwa ya Afrika ya joto na kusini mwa Asia. Zimbabwe wameufanya ua la taifa, na Tamil Nadu kule India ni ua la jimbo. Huko wakulima wanaupanda shambani kwa ajili ya mbegu, ambazo hununuliwa na viwanda vya dawa. Ua lake halifanani na jingine: petali sita zimekunjwa kurudi nyuma, kingo zake zina mawimbi, chini manjano na juu nyekundu, kama moto wa kuni unaopulizwa. Ncha ya kila jani imerefuka ikawa kikono kinachojisokota kwenye chochote chembamba kilicho karibu.

Hayo ni ya juu. Magonjwa yake mengi yanaanzia chini, kwa hiyo tuchimbe kidogo. Kiazi chake kina umbo la V, kama panda ya manati. Kila mkono una jicho moja tu, nalo liko nchani. Si kama kiazi mviringo chenye macho pande zote. Hapa jicho likivunjika, mkono huo hauna tena pa kuchipulia, hata ukiwa mnene na mzima kabisa. Kingine: kiazi ulichopanda hakiishi mwaka wa pili. Kinatumika chote kulisha shina, kinabaki ganda tupu, na pembeni yake mmea unatengeneza kiazi kipya kwa chakula kilichotoka kwenye majani. Ukilielewa hilo utajua kwa nini kukata majani mapema, kwa vile eti maua yamekwisha, ni kuuibia mmea akiba ya mwakani.

Kabla ya kuchimba: sumu

Sehemu zote za mkalamu zina sumu iitwayo kolchisini, na zaidi viazi na mbegu. Ni kemikali hiyo hiyo iliyomo kwenye vidonge vya jongo, ila huko hupimwa kwa miligramu chache sana, na humu ndani ya kiazi hakuna aliyepima. Sri Lanka kuna watu waliokufa baada ya kuvipika wakidhani ni viazi vya kuliwa. Aliyekula huanza kwa kuungua mdomo na koo, kisha baada ya saa chache kutapika na kuharisha sana, na baadaye viungo vya ndani huanza kushindwa. Hakuna dawa ya kawaida ya kuizima sumu yenyewe; hospitali wanachofanya ni kumsaidia mgonjwa mwili upambane, na kila saa ina thamani. Usikae nyumbani kumpa maziwa. Mpeleke, na ubebe kipande cha mmea kwenye mfuko ili daktari ajue anapambana na nini.

Kwa hiyo: glavu wakati wa kugawa viazi, mikono ioshwe kwa sabuni, na viazi vya akiba visikae jikoni hata siku moja. Vyangu viko kwenye boksi juu ya kabati la zana, limeandikwa SUMU kwa maandishi ya makaa. Kama una watoto wa kutambaa au mbuzi wanaozurura uani, panda kitu kingine. Nasema hivyo nikiwa mpenzi mkubwa wa ua hili.

"Nimepanda, wiki ya sita hii, hauoti"

Anza na jicho. Fukua polepole kwa vidole, si kwa jembe, na ukitazame kiazi nchani. Ukiona kidoto cheupe au cha waridi kimetuna, uache, unajiandaa. Kilicho kikavu, cheusi au chenye alama ya kuvunjika ni jicho lililokufa, na hapo ndipo wengi hugundua kwamba viazi walivyonunua sokoni vilisafiri kwenye kiroba pamoja na mihogo. Kama mkono mmoja tu ndio umevunjika, mwingine bado unaweza kutoa shina.

Kiazi kikiwa kigumu na jicho ni zima lakini halijasogea, ujue hakijamaliza usingizi. Baada ya shina kukauka, kiazi kinahitaji kupumzika miezi miwili hadi minne, na katika muda huo hata ukikipandia peponi hakitachipua. Waliopewa kiazi mwezi wa nane wakakipanda siku hiyo hiyo ndio wanaolalamika sana. Kwangu hapa Tanga mingi huchipua masika yanapoanza, mwezi wa tatu au wa nne, michache huamka na mvua za vuli. Jamaa wa Iringa na Njombe wana msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili. Kwao baridi yote ya Juni na Julai mmea uko chini, na wasiuguse.

Kuna na kina. Kiazi kilazwe ubavu, udongo wa juu yake uwe sentimita 5 hadi 10. Wapo wanaokisimamisha kama wanapanda pingili ya muhogo, na wapo wanaokifukia kina cha mkono mzima. Hata hivyo usishangae ukikikuta kimezama kuliko ulivyokiweka: viazi vipya huwa vinashuka. Nikimwaga vyungu mwisho wa msimu, navikuta vimebanana chini kabisa, vimejikunja kufuata mviringo wa chungu. Chungu cha kina kifupi kinavivunja. Tumia chenye kina cha sentimita 30 hivi.

Mwisho, bonyeza. Kiazi kikibonyea kama embe bivu, au kikatoa maji, kimeoza. Hakiponi. Kama ni mkono mmoja tu ulioanza kuoza, ukate kwa kisu kikali mpaka ufike kwenye nyama nyeupe, upake unga wa mkaa, uache kivulini siku mbili tatu kidonda kikauke, ndipo upande upya kwenye mchanga.

"Ulichipua vizuri, ghafla ukalala chini"

Hili ndilo linalouma, kwa sababu shina la jana lilikuwa nene kama kalamu na limejaa maji. Nenda ulitazame pale linapotokea udongoni.

Ukikuta limekatwa kama kwa wembe, mhalifu ni kiwavi anayejificha ardhini mchana na kutoka usiku. Pekua udongo duara la shubiri moja kuzunguka shina. Utamkuta amejikunja kama herufi C. Konokono na koa nao hufanya kazi hiyo hiyo, ila wao huacha njia inayong'aa. Machipukizi yangu nayavalisha kipande cha chupa ya plastiki iliyokatwa pande zote mbili mpaka yafike urefu wa goti. Hayapendezi, lakini yanakua.

Ukikuta shina halijakatwa bali limelainika na kugeuka kahawia, huko ni kuoza, na chanzo karibu kila mara ni maji yaliyokosa njia. Mkalamu unapenda kunyeshewa sana, lakini haupendi kusimama ndani ya maji. Mvua ile ile inayoustawisha kwenye mchanga wa Pangani inauua kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa sehemu nyingi za Nairobi. Waliopo kwenye udongo wa namna hiyo wasihangaike kuubadilisha. Wajenge tuta la kimo cha futi moja, mchanganyiko wa mchanga na mboji nusu kwa nusu, au wapande kwenye chungu.

Halafu kuna kuoza kwa aina yake ambako ukishakuona mara moja hukusahau. Chini ya shina pametanda nyuzi nyeupe kama pamba iliyochambuliwa, na kati yake kuna punje ndogo za mviringo, mwanzoni nyeupe, baadaye kahawia kama mbegu za haradali. Mkulima wa karanga au nyanya ataitambua mara moja, maana ni kuvu yule yule. Punje zile ndizo mbegu zake, zinakaa ardhini miaka. Hapa usijaribu kuokoa mmea. Ung'oe pamoja na udongo wake wa karibu, ujaze kwenye mfuko, utupe mbali. Usiupeleke kwenye shimo la mboji. Mahali hapo pasipandwe mkalamu tena, wala nyanya, wala karanga kwa misimu kadhaa. Na jembe lililotumika lioshwe kabla halijaingia kwenye tuta jingine.

"Majani yanageuka manjano"

Manjano ziko nyingi, na kila moja ina maana yake.

Inayoanzia chini na kupanda juu taratibu, maua yakiwa yameshapita na mmea una miezi minne mpaka sita tangu uchipue, si ugonjwa. Huo ndio usingizi. Punguza maji, kisha acha kabisa, na usikate shina mpaka likauke lenyewe na kung'oka kwa kuvutwa kidogo. Chungu kikae pakavu.

Inayoanzia chini lakini mmea bado mchanga, haujatoa hata ua, na udongo ukiushika unaganda mkononi: maji yamezidi, mizizi inakosa hewa. Acha kumwagilia mpaka sentimita 5 za juu zikauke.

Majani ya juu, yale mapya, yakitoka ya manjano huku mishipa yake imebaki kijani, hapo nina neno na wenzangu wa pwani. Nyumba zetu nyingi zimejengwa juu ya mawe ya matumbawe, na uani pamejazwa fusi la ujenzi lenye chokaa na saruji. Udongo wa hivyo una madini ya chuma lakini umeyafunga, mmea hauwezi kuyanyonya. Mwagia mbolea yoyote utakayo, majani yatazidi kupauka. Na ukiongeza jivu, kama jirani yangu alivyofanya kwa nia njema kabisa, unazidisha ubaya kwa sababu jivu lina tabia ya chokaa. Dawa ni kuuhamishia kwenye chungu chenye mchanga wa mtoni na mboji nyingi, kazi ambayo hufanywa kiazi kikiwa kimelala. Kwa msimu huu, unaweza kununua mbolea ya maji yenye madini ya chuma kwenye duka la pembejeo na kunyunyizia majani, ikupeleke mpaka mwisho.

Na iliyo ya mabaka, kijani na manjano yamechanganyika kama ramani, majani yamekunjamana na maua yanatoka na michirizi isiyo ya kawaida: shuku virusi. Virusi havina tiba, na hukaa ndani ya kiazi mwaka hadi mwaka. Vidukari ndio mara nyingi wanaovisambaza. Ng'oa. Najua inauma.

Jani likiwa la kijani ila lina madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara, hiyo ni kuvu ya majani, na huja pale mvua inaponyesha siku mfululizo na mimea imesongamana. Ondoa majani yaliyoathirika, achanisha mimea iwe futi moja moja, na umwagilie chini, si juu ya majani.

"Majani tele, ua hakuna"

Uliza kwanza ukubwa wa kiazi. Kiazi chembamba kama penseli hakiwezi kutoa ua, kitatoa majani machache ili kijinenepeshe, na mwakani au mwaka wa tatu ndipo utaona kitu. Hakuna mbolea ya kuharakisha jambo hilo.

Kama kiazi kilikuwa kinene kama kidole gumba na urefu wa kiganja, tazama jua. Porini mkalamu huanzia chini kivulini, miguu imefunikwa na nyasi na vichaka, halafu hupanda mpaka kichwa kitokeze juani. Ndivyo unavyotaka: mzizi baridi, kichwa kwenye mwanga. Uliopandwa chini ya mwembe hubaki unatafuta mwanga tu, unarefuka na kulegea. Unahitaji jua la nusu siku, na la asubuhi ni zuri kuliko la alasiri.

Halafu samadi ya kuku. Huku kwetu ndiyo mbolea rahisi kupatikana, na watu wanaimwaga kwa ukarimu. Ina naitrojeni nyingi, nayo inafanya mmea ujae majani ya kijani kibichi, laini, yanayopendwa na vidukari, na usahau kuchanua. Urea ni hivyo hivyo. Mimi hutia kikapu cha mboji iliyoiva wakati wa kupanda, na shina likifika kiunoni naongeza mbolea ya NPK, kijiko kimoja cha chakula, kuzunguka, si karibu na shina. Basi. Ua la mchanga wa pwani halikulelewa kwa anasa.

"Unatambaa chini, haupandi"

Tatizo ni fito. Vikono vya mkalamu ni vya uzi, haviwezi kukumbatia mwanzi mnene wala nguzo ya simiti. Vinahitaji kitu chembamba kisichozidi unene wa penseli. Unyooshee waya, wavu wa kuku, au kamba ya katani, ambayo kwa sisi wa Tanga si bidhaa ya kutafuta. Funga kamba tatu nne kutoka chini mpaka kwenye upenu mara tu chipukizi linapoonekana. Au uupande karibu na kichaka kidogo uuache ukipande, kama unavyofanya porini. Hiyo ndiyo njia ninayoipenda mimi, maana maua hutokeza kwenye kichaka kisicho chake na mgeni akabaki anashangaa.

Usingoje mpaka limerefuka ndipo ulinyanyue. Shina ni jepesi kuvunjika, lina mlio wake, *tak*, kama bamia mbichi, na likivunjika kabla ya kuchanua, mara nyingi hakuna jingine msimu huo. Likikatika, acha kipande kilichobaki na majani yake kiendelee kulisha kiazi.

"Vichwa vya maua vinadondoka" na "Maua yamebadilika rangi"

La pili si tatizo. Ua hufunguka likiwa na ukijani, likawa manjano na nyekundu, na kadiri siku zinavyopita linazidi kuwa jekundu mpaka la damu ya mzee. Ua moja hukaa siku nyingi, kwa hiyo kwenye shina moja utaona rangi zote kwa pamoja. Mtu mmoja aliniambia kwa uhakika kwamba mbegu zimechanganyika.

Kudondoka kabla ya kufunguka ni kiu iliyofuatwa na mafuriko. Udongo umekauka kabisa siku nne, halafu ukatupiwa ndoo nzima. Wakati wa kutoa vichwa, unyevu uwe wa siku zote; funika udongo kwa majani makavu au maganda ya nazi. Upepo wa kusi nao huvunja vikonyo kwenye nyumba zilizo wazi kuelekea bahari. Vichwa vikifunguka vikiwa na michirizi ya fedha na kingo zilizokauka, vipukutishe juu ya karatasi nyeupe: vijidudu vyembamba kama kipande cha uzi vikikimbia, ni vithiripi. Sabuni ya maji, kijiko cha chai kwa lita moja ya maji, nyunyizia jioni, rudia baada ya siku tano. Dawa hiyo hiyo inafaa kwa vidukari.

"Usiku mmoja tu, majani yote yameliwa"

Watu wakishajua mkalamu una sumu hudhani hakuna mdudu wa kuugusa. Wapo. Kuna viwavi wa nondo wenye rangi kali za kujitangaza, wanaokula jani, kikono, kichwa cha ua na hata tunda bichi, na wala hawajifichi. Rangi hizo ni tangazo kwa ndege kwamba wao si chakula kizuri. Waokote kwa mkono wenye glavu asubuhi, uwatie kwenye kopo la maji ya sabuni. Nimejaribu maji ya mwarobaini. Yanasaidia wakiwa wadogo, wakishafika urefu wa kidole yanawaburudisha tu. Kagua chini ya majani kila siku ya pili mvua zikishaanza, maana shina lina majani ya msimu mmoja na hakuna ya akiba.

"Unachanua vizuri ila hauzai mbegu"

Litazame ua kwa karibu. Stameni sita, yaani sehemu za kiume zenye chavuo, zimetandaa kama miale ya gurudumu, lakini ule mrija wa kike umepinda pembeni kwa pembe ya mraba, kana kwamba umewageuzia mgongo wanaume wa nyumbani. Umbo hilo linafanya chavuo ya ua lenyewe isiangukie kirahisi mahali pake. Mmea unamngoja kipepeo au ndege aitwaye chozi alete ya ua jingine. Ukiwa na mkalamu mmoja ghorofani, ambako chozi hafiki, utachanua kila mwaka bila tunda.

Fanya kazi ya kipepeo. Asubuhi, ua likiwa limefunguka, gusa chavuo kwa brashi ndogo ya rangi au kipande cha pamba, upake ncha ya mrija wa ua la mmea mwingine. Kule Tamil Nadu wakulima wanazunguka shamba zima alfajiri wakifanya hivi hivi kwa mkono, maana mbegu ndiyo mavuno yao. Tunda likishika huvimba, hurefuka kama kidole, hukauka na kupasuka lenyewe, ndani kuna mbegu nyekundu zimepangwa safu. Zinafanana na shanga, na mtoto akiziona atataka kuzitunga. Zivune kabla tunda halijafunguka, zihesabu, zifungie.

Kupata mimea kwa mbegu ndiyo njia nzuri kuliko kwenda kuchimba viazi vichakani, kwa sababu aliyechimba amebeba mmea mzima na hapo hapo pamebaki shimo. Ila ni njia ya wenye subira. Mbegu mpya haioti upesi. Iache ikauke miezi kadhaa, kisha iloweke usiku kucha, uisugue ule utando mwekundu utoke, uipande sentimita moja ndani ya beseni la mchanga wenye unyevu. Zitachipua moja moja, nyingine baada ya mwezi, nyingine baada ya miezi, kwa hiyo usilimwage beseni kwa sababu tatu tu ndizo zimetoka. Mwaka wa kwanza utapata vijani vichache kama nyasi, kisha vitakauka, na mtu asiyejua atalifagia beseni lote.

La kwangu lina mwaka wa pili sasa. Juzi nilifukua pembeni kwa kijiti nikakuta kiazi cha ukubwa wa punje ya maharage, tayari kina umbo la V. Shangazi ameshaniomba viwili, na ameniahidi kikombe kitabaki jikoni.